Jumamosi Isiyokuwa na Nafasi

Katika ukoo wa Bibi Hendrikje Wolbers, jambo haliamuliwi, jambo hukaliwa. Hukaliwa kama kuku anavyolalia mayai, kwa subira, kwa joto, na kwa kelele za hapa na pale, mpaka siku moja kila aliyeko mezani anasikia mlio mdogo wa ganda kupasuka na kutambua kwamba wote wamekubaliana. Kura haipigwi. Kura huacha mtu amenuna, na mtu akinuna mjini Deventer anaweza kununa mpaka Krismasi.

Kwa hiyo Bibi alipotangaza, majira ya kuchipua yakiwa ndiyo kwanza yameanza, kwamba mwaka huu ataendesha gari yeye mwenyewe kuwapeleka wote baharini, tena kwa kufuata vijia vya juu ya matuta yanayozuia mito isifurike wala si barabara kuu, mjukuu wake Jorinde alijua kwamba limeingia jambo zito. Jorinde alikuwa na miaka kumi na sita na uzoefu mkubwa wa kusababisha mambo mazito. Alikaa wima kwenye kiti chake na kutega masikio kwa heshima zote.

"Mama," alisema Mjomba Roelof, akikiweka kikombe chake chini taratibu kama askari anayesalimisha silaha, "una miaka sabini na tisa."

"Najua. Nilikuwepo."

"Na mwezi uliopita uligonga chungu cha maua cha jirani."

"Kilikuwa kimewekwa vibaya."

"Kilikuwa kibarazani kwake, Mama! Kibarazani!"

"Ndiyo maana nasema vibaya."

Mama yake Jorinde, ambaye ni Mirjam, mdogo wake Roelof, aliangalia dirishani ili asicheke. Baba yake Jorinde, aliyekuwa akiishi Groningen na mke mpya na mbwa wawili, hakuwa na kiti katika kikao hicho.

Mjomba Roelof alikuwa mtu wa mamlaka ya maji. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mashamba yaliyo chini ya usawa wa bahari hayarudi kuwa bahari, na miaka mingi ya kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kumtazama kila binadamu kama tuta linaloweza kuvuja. Alikuwa na gari la umeme la rangi ya fedha ambalo lilimwambia "karibu" kila alipofungua mlango, na mpango wake ulikuwa uleule wa kila mwaka: barabara kuu, mwendo wa saa mbili na nusu, Bibi kiti cha nyuma na kimto cha shingoni. Kimto hicho Mjomba mwenyewe alikuwa amemnunulia Bibi. Bibi alikuwa amempa paka.

Sasa, lililokuwa hatarini si mandhari. Hatarini lilikuwa gari la Bibi, gari dogo la buluu lililokuwa na umri kumzidi Jorinde, lenye harufu ya mbolea ya bustani na pipi nyeusi za chumvi. Kwa gari hilo Bibi alikwenda kwaya, alikwenda kuogelea na wenzake, alikwenda kuchukua mbegu za maharage kijiji cha tatu kwa sababu za kijiji cha pili hazikumfurahisha. Bila gari hilo angekuwa mtu wa kusubiri kuchukuliwa, na Bibi hakuwahi kusubiri kuchukuliwa hata siku ya harusi yake. Siku hiyo alijiendesha mwenyewe mpaka kanisani, akafika kabla ya bwana harusi, akamkemea.

Tangu kisa cha chungu, Mjomba Roelof alitaka gari liuzwe. Tayari kulikuwa na kijana wa jirani, yuleyule wa kibaraza, aliyekuwa akilizunguka kwa macho ya fisi.

"Tufanye hivi," alisema Mjomba siku hiyo. "Mama akitufikisha baharini kwa njia yake, gari linabaki, na mimi sitafungua tena mdomo. Lakini mpango wa safari tuukubali wote, kila kipande. Tusipokubaliana wote, tunakwenda na gari langu, na hili la Mama linauzwa kabla ya majani kupukutika."

"Nimekubali," alisema Bibi.

Jorinde akaona ujanja. Mjomba hakuhitaji kumshinda Bibi. Alihitaji tu kusubiri familia yake ishindwe kukubaliana, na hiyo ni kazi ambayo familia ingeifanya bure.

*

Vikao vikaanza. Kila kikao kilifunguliwa kwa kahawa na biskuti moja kwa kila mtu, kisha kifuniko cha kopo la biskuti kikarudishwa mahali pake kwa mlio ambao kila mtoto wa nchi ile anaujua kutoka tumboni. Biskuti ya pili hutolewa siku za furaha kubwa. Vita vilipokwisha ilitolewa, alisema Bibi, ingawa yeye hakuwa amezaliwa.

Ramani ya Bibi ilifunika meza nzima, nayo ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo hadi miji miwili ilikuwa imetoweka. Njia aliyoichora ilishuka na mto IJssel kupitia Zutphen na Doesburg, ikageukia magharibi, ikavuka mto Lek kwa kivuko kidogo cha Oudewaard, ikaingia katika bustani za matunda za Betuwe, ikajipinda pamoja na mto Linge ambao haujui kwenda moja kwa moja, kisha ikarukaruka kisiwa hadi kisiwa juu ya kuta za mabwawa mpaka Zeeland, kwenye vilima vya mchanga vya Domburg. Pale walikodi kinyumba cha mbao kila mwaka.

"Hii si njia," alisema Mjomba. "Huu ni uzi uliochezewa na paka."

"Paka ana kimto chako, hana muda wa uzi," alisema Jorinde.

"We mtoto, nyamaza."

Jorinde alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa hatari. Kati ya kikao na kikao alizungukia watu. Alimkuta mama yake akimenya viazi, akamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kitu, ni wapi angependa kusimama njiani kama angekuwa anasafiri peke yake duniani. Mama alitaka duka la vyungu lililoko kwenye tuta karibu na Doesburg, na alitaka choo safi kila baada ya muda mfupi. Vyote vikaingia kwenye ramani.

Mjomba alikuwa mgumu zaidi. Jorinde alilazimika kusikiliza, kwa jioni nzima na bila kupiga miayo, maelezo kuhusu mitambo ya kale ya mvuke iliyokuwa ikisukuma maji kabla ya umeme. Kikao kilichofuata, njia ya Bibi ilipata mchepuko mdogo karibu na Linge.

"Hapo kuna nini?" aliuliza Mjomba kwa mashaka.

"Hapo? Sijui. Nasikia kuna mtambo wa mvuke. Bado unafanya kazi, wanauwasha Jumamosi na Jumapili."

Mjomba aliivuta ramani karibu yake. Kila aliyekuwepo aliona kidole chake kikiifuata njia mpaka pale.

"Kwa mtazamo wa historia," alisema hatimaye, "si mbaya."

Ikabaki tarehe. Hapo wote wanne walinyanyuka, wakaenda kwenye mikoba na makoti yao, wakarudi na diari zao za miadi. Chumba kikatulia kama kanisa. Mama alikuwa na diari ya karatasi yenye utepe, Bibi diari ya bure ya duka la dawa, Mjomba na Jorinde simu zao.

"Kinyumba ni chetu kuanzia Jumamosi ile ya Juni," alisema Mama. "Twende Jumamosi?"

"Jumamosi siwezi," alisema Mjomba mara moja.

"Kumbe hata mimi siwezi," alisema Mama, akigusa ukurasa. "Nina shughuli."

"Na mimi nina mahali," alisema Bibi.

"Mimi pia simu inasema nimeshikika," alisema Jorinde.

Hakuna aliyeuliza mwenzake ana shughuli gani. Katika nchi ile unaweza kumuuliza mtu kuhusu imani yake, tumbo lake na ndoa yake; lakini kilichomo kwenye diari ya mtu, hicho ni kama kilichomo chini ya mto wake wa kulalia. Kikishaandikwa, kimeandikwa. Walisikitika kwa adabu kwamba usiku mmoja wa kinyumba utapotea bure na umelipiwa, jambo ambalo lilimuuma Mjomba waziwazi, wakasogea mbele.

"Jumapili?"

Kurasa zikafunuliwa. Mama hakuwa na kitu. Bibi hakuwa na kitu. Jorinde hakuwa na kitu. Mjomba Roelof aliangalia simu yake kwa muda, akainua kichwa, akatabasamu.

"Jumapili nina nafasi," alisema. "Nakubali."

"Unakubali nini?" aliuliza Bibi.

"Kila kitu. Njia, matuta, vyungu, mtambo, kivuko. Jumapili. Nakubali."

Bibi akalifungua kopo na kuwapa wote biskuti ya pili.

Jorinde alipaswa kushtuka hapo. Mjomba Roelof kukubali haraka ni kama ng'ombe kupanda ngazi: linawezekana, lakini mtu mwenye akili hujiuliza huko juu amefuata nini. Lakini biskuti ilikuwa ya siagi, na Jorinde alikuwa binadamu.

*

Kikao cha mwisho kilikuwa cha kugawana kazi tu, nani atapaka mikate siagi na jibini, nani atabeba chupa za kahawa. Safari ilikuwa siku nne mbele. Mjomba Roelof alisubiri mpaka kila mtu amekunywa nusu kikombe.

"Nasikitika sana," alisema, na uso wake ukajitahidi kusikitika ukashindwa. "Kivuko cha Oudewaard Jumapili hakivuki."

"Hakivuki nini?" alisema Mama.

"Mto. Wale ni watu wa kanisa, Mirjam. Jumapili wanakwenda kanisani asubuhi, wanakwenda tena alasiri, na katikati hawaendeshi hata baiskeli. Kivuko kinafungwa mnyororo."

"Tutazunguka darajani," alisema Jorinde.

"Daraja la karibu ni la barabara kuu, mpwa wangu. Na tulikubaliana nini? Hakuna barabara kuu. Kila kipande tulikikubali wote. Kipande kimoja kikianguka, mpango umeanguka." Akanyoosha mikono kama mtu anayeonyesha kwamba hana kisu. "Na tarehe nyingine, nimeangalia, mimi sina nafasi mpaka Septemba."

"Ulijua lini?" aliuliza Jorinde.

"Kuhusu kivuko? Ofisi yetu ina pampu palepale ukingoni. Nimejua tangu nianze kazi."

Moyoni, pamoja na hasira, Jorinde alimvulia kofia. Alikuwa ameishi miaka yote hiyo akidhani kipaji chake cha ubaya kilitoka kwa babu.

Bibi alikuwa na majibu ya chungu, ya kibaraza, ya umri. Kwa Jumapili ya watu wa Oudewaard alitoa ufunguo wa gari mfukoni mwa sweta, ule wenye kidoli cha kiatu cha mbao kilichobanduka rangi, akafungua kopo la biskuti, akautumbukiza ndani, akafunika.

"Haya," alisema. "Mwambie yule kijana aje kesho."

Mjomba, ambaye alikuwa ameshinda, ghafla hakujua aweke wapi mikono yake.

"Si lazima kesho, Mama."

"Kesho. Nisije nikazoea."

Jorinde akainuka, akaenda chooni. Hakuwa na haja. Choo cha Bibi ndicho chumba pekee katika nyumba ile ambacho mtu angeweza kujifungia akawaza bila kuulizwa anawaza nini.

Alikaa juu ya kifuniko na kutazama mbele, na mbele, kama katika kila choo cha heshima cha nchi ile, ilitundikwa kalenda ya siku za kuzaliwa. Kalenda hiyo haina mwaka; huzunguka milele. Babu aliitundika kabla hajafa, na waliomo humo walizaliwa upya kila mwaka kwa mwandiko wake. Jorinde aliusoma mwezi wa Juni kama mtu anavyosoma maandishi ya kwenye pakiti ya unga wa uji, bila kusoma. Halafu akasoma tena.

Siku ileile. Jumamosi yao. *Aaltje.*

Bibi Aaltje alikuwa dada mkubwa wa Bibi, akikaa ng'ambo ya pili ya mji. Kila mwaka siku hiyo ukoo ulikwenda kwake, ukapanga viti duara sebuleni, ukakaa, ukanywa kahawa, na hakuna aliyethubutu kukosa.

Jorinde alihesabu vichwa. Mjomba: Jumamosi hawezi. Mama: ana shughuli. Bibi: ana mahali. Yeye mwenyewe: ameshikika. Wote wanne hawakuweza kuwa pamoja garini Jumamosi, kwa sababu Jumamosi wote wanne walikuwa wanakwenda kuwa pamoja.

Kicheko alichokitoa kilipenya mlango.

"Jorinde!" aliita mama yake. "Uko salama humo?"

Alitoka na kalenda kwapani. Pale mezani Bibi alishika kifua. Kalenda ile haikuwahi kutoka chooni tangu itundikwe, na kuiona sebuleni, mchana kweupe, ilikuwa kama kumwona padri akiwa na taulo.

"Irudishe mara moja!"

"Inarudi, Bibi. Imeitwa kutoa ushahidi tu." Akailaza juu ya ramani. "Mjomba, samahani kwa swali la utovu wa adabu. Jumamosi una nini?"

"Hayo ni yangu."

"Soma tu, Mjomba. Kwa mtazamo wa historia."

Mjomba Roelof akafungua simu. Alisoma kimoyomoyo. Rangi ikampanda kuanzia kwenye kola.

"Sikukuu ya kuzaliwa ya Mama Mkubwa," alisema.

"Mama?"

Mirjam aliuvuta utepe, akaangalia, akaweka kiganja mdomoni. "Ya Mama Mkubwa."

"Bibi?"

"Ya Aaltje, bila shaka," alisema Bibi. "Ningekuwa na nini kingine? Ninyi mlikuwa na nini?"

Wakatazamana. Walikuwa wamepoteza usiku mzima uliolipiwa kwa kuheshimiana.

*

Bibi Aaltje alipokea simu kwa namna yake ya kawaida, kama mtu aliyeamshwa kwa sababu ya moto. Jorinde akaiweka sauti yake isikike mezani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Bibi. Tunataka kukuuliza kuhusu Jumamosi. Ungependa sherehe yako ifanyike mtoni?"

"Ndani ya mto?"

"Juu yake. Kwenye kivuko. Bibi Hendrikje anaendesha, wewe unakaa nyuma dirishani, tunavuka Lek, tunasherehekea, tunaendelea mpaka baharini."

"Na viti?"

"Tunabeba vya kukunja."

"Vya duara?"

"Duara kamili, Bibi. Hatuwezi kuwa washenzi."

"Mama Mkubwa," aliingilia Mjomba Roelof, "kile kivuko kinavuka kwa dakika tano tu!"

"Roelof, sherehe yangu ya mwaka jana nayo ilikuwa na dakika tano nzuri. Zilizobaki nilikaa karibu na Bwana Nijhof akinisimulia goti lake. Nimelijua goti la yule mtu kuliko marehemu mke wake. Njooni mnichukue mapema."

"Majirani utawaambiaje?" aliuliza Bibi.

"Nitawaambia mwaka huu nimeahirisha kuzeeka. Hendrikje, usinigongee vyungu vyangu ukija."

Simu ikakatwa. Mjomba Roelof alikaa akitazama kile kiwambo kilichozimika. Angeweza kusema Jumamosi hana nafasi. Lakini diari yake ilisema Jumamosi yuko popote alipo Mama Mkubwa, na ilikuwa imeandikwa, na yeye alikuwa mtu wa maandishi.

"Jumamosi kivuko kinavuka?" aliuliza Mama.

"Si muulizeni mwenye pampu," alisema Jorinde.

"Kinavuka," alisema mwenye pampu, kwa sauti ndogo. "Kuanzia asubuhi."

"Basi kuna anayepinga?" aliuliza Mama.

Saa ya ukutani iligonga mara kadhaa. Kisha ukasikika ule mlio mdogo, ingawa safari hii haukuwa wa ganda. Ulikuwa wa kifuniko cha kopo. Bibi alichukua ufunguo wake, akaupangusa chembe za biskuti kwa upindo wa sweta.

*

Asubuhi ya Jumamosi Jorinde aliamka kabla ya wote, akaenda kwenye gari la buluu na kipande cha boksi, gundi na rangi nyekundu. Mjomba Roelof alipoingia kiti cha mbele cha abiria alikuta mbele ya mguu wake wa kulia pedali ya boksi, imeandikwa kwa herufi safi: BREKI YA MJOMBA.

"Nini hiki?"

"Ni kwa ajili ya afya yako," alisema Jorinde kutoka nyuma, akiwa amebanwa kati ya mama yake na Bibi Aaltje aliyevaa kofia ya manyoya katikati ya Juni. "Usije ukatoboa sakafu."

"Upumbavu," alisema Mjomba, na kabla hawajafika mwisho wa mtaa alikuwa ameikanyaga mara mbili.

Bibi aliendesha kama alivyoimba kwaya, wima, kwa sauti, na akiongoza zaidi kidogo kuliko alivyoombwa. Tuta lilijikunja, nao wakajikunja nalo. Upande mmoja IJssel uling'aa, upande wa pili ng'ombe walisimama chini ya usawa wa magurudumu na kuwatazama kwa dharau. Mama alinunua chungu kikubwa mno, akakaa nacho mapajani. Bibi Aaltje alisoma kwa sauti kila kibao cha kijiji na kueleza nani alikufa pale. Lilipokuja trekta upande wa mbele, katika kijia ambacho kingetosha mbuzi wawili wanaopendana, Mjomba alishika mpini wa juu ya dirisha na kukanyaga boksi kwa miguu yote miwili. Bibi alipanda nyasi kwa gurudumu moja, akapunga mkono, akashuka.

"Umeona?" alisema.

"Nilikuwa nimefumba," alisema Mjomba.

Oudewaard ilikuwa chini ya tuta, na njia ya kivukoni ilishuka kwa ghafla kama slaidi ya watoto. Mwisho wake kulikuwa na bamba la chuma, mnyororo, na maji. Kivuko kilibeba magari sita, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja, mbele kabisa, kati ya gari la mkate na kundi la waendesha baiskeli wenye kaptura za kubana.

"Mama," alisema Mjomba Roelof kwa upole wa kutisha, "naweza kuliingiza mimi."

Bibi alishusha kioo, akatoa kichwa nje, akaliteremsha gari polepole, sentimita kwa sentimita, bamba la chuma likanguruma chini yao, mnyororo ukaja, ukaja, ukaja. Mjomba alitoa sauti ya birika linalokaribia kuchemka. Boksi likapasuka. Gari likasimama.

Mwendesha kivuko, mtu mwenye masharubu ya rangi ya mchanga, akaja kupima kwa macho nafasi kati ya pua ya gari na mnyororo. Akaweka kiganja pale. Kiganja kikatosha, haukubaki hata upana wa kidole.

"Juma lote sijaona mtu akiegesha hivi," alimwambia Bibi. "Wengi huniachia nusu kivuko."

Bibi akapandisha kioo. "Aaltje," alisema, "heri ya kuzaliwa. Shukeni."

Viti vikatoka juu ya paa, vikapangwa duara kati ya gari la mkate na ukingo. Keki ya tufaha ikatoka, kahawa ikamwagwa vikombeni, na zaidi kwenye sakafu, kwa sababu kivuko kilikuwa kimeanza kuondoka. Mmoja wa waendesha baiskeli, kijana mrefu kama mlingoti, akaona duara, akaona keki, akaona kikongwe mwenye kofia ya manyoya, na malezi yake yakamshika shingo. Akauliza nani ni nani, akaja kumpa mkono Bibi Aaltje.

"Hongera, bibi!" Kisha akampa Bibi Hendrikje. "Hongera kwa dada yako!" Kisha Mirjam, "Hongera kwa mama yako mkubwa!" Kisha akafika kwa Mjomba Roelof, ambaye bado alikuwa akitazama ule mnyororo. "Na wewe bwana, hongera sana!"

"Asante," alisema Mjomba. "Nashukuru. Ilikuwa karibu."

Wenzake wa baiskeli wakafuata, kisha dereva wa gari la mkate, kila mmoja akizunguka duara lote mkono kwa mkono, kwa kuwa katika nchi ile huwezi kumpongeza mwenye sikukuu ukawaacha ndugu zake. Pongezi zilikuwa hazijafika nusu, kivuko kilipogusa ng'ambo. Mwendesha kivuko akatazama ukingo, akatazama tuta tupu, ambako hakukuwa na gari lolote linalosubiri, akatazama keki.

"Nitarudi nyuma kidogo," alitangaza.

Wakavuka Lek mara tatu. Bibi Aaltje alisema ilikuwa sherehe ya kwanza katika maisha yake kuwa na upepo.

*

Mtambo wa mvuke Mjomba aliukuta ukiwaka, akaupigapiga shavuni kama farasi. Kisha visiwa, mabwawa, jua likiinama, na mwisho, nyuma ya kilima cha mchanga, lile guno refu la bahari ambalo husikika kabla ya kuonekana. Bibi alizima gari mbele ya kinyumba cha mbao. Hakuna aliyeshuka mara moja.

Mjomba Roelof aliinama, akaokota mabaki ya breki yake. Ilikuwa imetoboka katikati, rangi nyekundu imehamia kwenye soli ya kiatu. Akaigeuzageuza mikononi. Jorinde alisubiri hotuba. Alikuwa ameshatayarisha majibu matatu.

Badala yake Mjomba alitoa simu, akafungua diari, akasukuma miezi kwa kidole mpaka mwaka mwingine.

"Sikukuu ya Mama Mkubwa mwakani inaangukia Jumapili," alisema. "Kivuko hakivuki. Kwa hiyo Jumamosi ya kabla yake. Kuna mwenye shughuli?"

Hakuna aliyekuwa na shughuli. Wote waliangalia kwanza, kisha wakaulizana, kwa sauti, kila mmoja ana nini.

"Nitaandika nani anaendesha?" aliuliza Mjomba, macho kwenye simu.

Bibi alichomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa sweta, akafungua mlango wake. Mchanga ukaingia.

"Andika," alisema.

Naye akaandika.